Siku Mbili na Jembe

Tarehe 14 Novemba 1959, kituo kidogo cha vijana kilifunguliwa katika eneo la Starehe, Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Pumwani na Kariokor. Mali yake kubwa ilikuwa mabanda mawili ya mabati yaliyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Waanzilishi walikuwa watatu: Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933; Geoffrey Geturo; na Joseph Gikubu, ambaye mwenyewe alikuwa ameonja maisha ya kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Waliowakaribisha mabandani walikuwa wavulana waliokuwa wakilala nje, mjini ambamo hawakuwa na mzazi, kazi wala kibali cha kuwapo.

Mabanda hayo yalizaa Starehe Boys' Centre. Wakenya wengi wa rika letu wanaijua kwa alama za mitihani, sare yenye shati jekundu, na kaulimbiu ya Kiswahili, "Natulenge Juu". Kinachotajwa kwa nadra ni desturi yake ya huduma. Wakati wa likizo, wavulana wa shule hiyo walizoeshwa kwenda kufanya kazi bila malipo hospitalini, kwenye zahanati, mashuleni na katika ofisi za serikali. Kwa wengi wetu, kujitolea shuleni kulikuwa jambo la alasiri moja kwa muhula. Kwao lilikuwa sehemu ya malezi, sawa na kufua shati na kuwahi gwaride.

Kwa hiyo tuna historia isiyo ya kawaida. Kila tunapozungumza kuhusu wanafunzi wa shule za upili wanaojitolea kuwasaidia wasio na makao, tunawaona watu wa aina mbili: huku wanafunzi waliobeba mikate, kule watu wanaoipokea. Starehe ya mwanzo ilivuruga picha hiyo. Mvulana aliyelala nje mwaka huu ndiye aliyetarajiwa kuvaa sare na kumhudumia mgonjwa hospitalini miaka kadhaa baadaye. Mpokeaji na mtoaji walikuwa mtu mmoja.

Nimeifuata historia hiyo nikiwa na methali moja kichwani, methali ambayo kila aliyepita shule ya msingi Kenya au Tanzania anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Darasani tuliambiwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ukiisoma polepole ina pande mbili, na kila upande una wajibu wake. Siku mbili za kwanza ni za mgeni. Anapewa maji ya kuoga, chakula na mahali pa kulala, wala haulizwi atalipa nini. Siku ya tatu anapewa jembe, na kwa kulishika anakuwa mtu wa nyumba hiyo. Anayelima na wenyeji ana neno pia kuhusu kinachopikwa. Ukiangalia jinsi Nairobi ilivyowatendea wasio na makao kwa zaidi ya miaka mia moja, utaona watu wengi walichukua nusu ya methali hiyo na kuiacha nusu nyingine.

*

Wakoloni walichukua jembe na kuziacha siku mbili.

Nairobi ilijengwa kwa wazo kwamba Mwafrika ni mtu wa kupita: mwanamume mmoja, kitanda kimoja, mkataba mmoja wa kazi, halafu arudi kwao. Kufikia miaka ya 1920, wanaume Waafrika walitakiwa kubeba kipande, cheti kilichoandikwa jina, alama za vidole na historia ya ajira, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Asiye na mwajiri hakuwa na sababu ya kuwa mjini. Sheria ya uzururaji ilimruhusu askari kumkamata mtu asiyeweza kuonyesha kazi wala njia halali ya kujikimu. Mtu kama huyo angeweza kufungiwa na kisha kurudishwa alikotoka. Kutokuwa na nyumba hakukuhesabiwa kuwa shida iliyompata mtu. Lilikuwa kosa alilolitenda.

Katika mpango kama huo mtoto hakuwa na mahali kabisa. Hakubeba kipande kwa sababu hakuwa mtu mzima, hakuwa na mkataba, na mara nyingi kule "kwao" alikotakiwa kurudishwa hapakuwa na mtu wa kumpokea.

Kisha vita vikaja. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi na kuipekua mtaa kwa mtaa. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waembu na Wameru, walipelekwa vizuizini. Huko mashambani, zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika maboma yao na kusongamanishwa ndani ya vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa, ambamo kutoka na kuingia kulikuwa kwa ruhusa na kazi ya kuchimba mitaro ilikuwa ya lazima.

Tunapozisoma hesabu hizi tunawahesabu watu wazima. Lakini kila mzazi aliyepelekwa Manyani aliacha watoto nyuma, na kila shamba lililochukuliwa lilikuwa limewalisha watoto. Baba akiwa kizuizini, mama akiwa kwenye kazi ya lazima, au wote wawili wakiwa wamekufa, mtoto wa miaka kumi alikuwa na njia chache. Moja ilikuwa barabara ya kwenda Nairobi. Wengine walikamatwa huko huko na kujikuta ndani ya seng'enge pamoja na watu wazima.

Griffin aliingia katika vita hivyo akiwa askari kijana, kisha akaacha jeshi. Alipewa kazi ya kuwasimamia wavulana waliozuiliwa Manyani, na kuanzia mwaka 1955 Wamumu, kambi ya vijana iliyokuwa kwenye nyanda za Mwea. Wamumu ilikuwa na madarasa, karakana za ufundi, michezo na gwaride. Serikali iliipenda sana na kuionyesha kwa wageni kama ushahidi wa wema wake, wakati ambapo katika kambi nyingine watu wazima walikuwa wakipigwa na kuteswa. Historia hii haifai kupambwa. Wavulana wa Wamumu walipata elimu ambayo wengi wao hawangeipata kwingine, lakini hawakuwa na hiari ya kuondoka, na kusudi la serikali lilikuwa kuwarudisha wakiwa raia watiifu kwa ukoloni. Jembe walipewa. Aliyewapa hakuwa mwenyeji aliyewakaribisha. Alikuwa mlinzi wa lango.

Hata hivyo, kuna jambo lililotoka Wamumu ambalo Griffin na Gikubu walilibeba hadi kwenye mabanda mawili: kwamba mvulana aliyeitwa mhalifu, akipewa chakula, kazi yenye maana na mtu anayejua jina lake, hubadilika haraka kuliko wanavyotarajia wakubwa. Swali lililobaki ni kama jambo hilo lingewezekana bila seng'enge.

*

Neno starehe lina matumizi mengi. Kwa vijana wa leo ni raha za mjini, muziki na wikendi. Katika adabu za Pwani lina kazi nyingine: mgeni akiingia, na aliyeketi akitaka kuinuka kumpisha, mgeni humwambia, "Starehe!" Yaani usijisumbue, kaa ulivyo. Sijui neno jingine linalofaa zaidi kuwa jina la mahali ambapo mtoto aliyezoea kuamshwa kwa teke la askari aliweza kulala hadi asubuhi.

Siku mbili za ugeni zilikuwapo, basi: paa, uji, blanketi. Fedha za kuendesha kituo zilitafutwa ndani na nje ya nchi, na kupitia shirika la Uingereza la Save the Children wavulana wengi walipata wafadhili, mtu kwa mtu. Kituo kilianza na malezi, kikaongeza masomo ya msingi, kisha ya upili. Mvulana asiye na uwezo hakulipa. Baadaye, familia zenye uwezo zilipoanza kupeleka watoto wao, zililipa kadiri ya uwezo huo, lakini sehemu kubwa ya nafasi zilibaki za bure kwa wasio na kitu. Ndani ya lango, sare ilikuwa moja na sahani ilikuwa moja, kwa anayelipiwa na asiyelipiwa.

Siku ya tatu nayo ikaja. Ilikuja kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ilikuwa baraza. Wanafunzi walikusanyika na mkurugenzi, na mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliweza kusimama na kulalamika kuhusu chakula, kiranja au mwalimu, naye akajibiwa mbele ya wote. Katika nchi ambayo wanafunzi wengi wa shule za bweni wamezungumza na wakuu wao kwa kiberiti, usiku, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kusikika, jambo hili si dogo. Mtu aliyefugwa kwa hisani haulizwi uji una chumvi kiasi gani. Huulizwa mtu wa nyumba.

Sura ya pili ilikuwa huduma ya kujitolea. Haikuwa kazi ya kutafuta sifa. Mwanafunzi alitumwa mahali palipokuwa na upungufu wa mikono: kupanga mafaili, kusukuma machela, kuandikisha wagonjwa, kufundisha watoto wa shule ya kijijini ambayo mwalimu hakuwa amepatikana. Alienda peke yake au na wenzake wachache, akaripoti kwa mkubwa wa mahali hapo kama mfanyakazi mwingine yeyote, akakaa majuma na si saa. Kipindi kirefu cha kusubiri matokeo baada ya mtihani wa mwisho, ambacho vijana wengi hukipitisha wakizunguka nyumbani, nacho kilikuwa wakati wa huduma.

Inasaidia kulitazama neno lenyewe. Kiswahili kinatofautisha kutoa na kujitolea. Anayetoa ana kitu mkononi: mkate, shilingi, blanketi. Anayejitolea, kitu anachokitoa ni yeye mwenyewe. Mvulana wa Starehe hakuwa na mkate wa kumpa mtu, kwa maana mkate aliokula ulikuwa wa wafadhili. Lakini alikuwa na siku zake, nguvu zake na kichwa chake, na shule ilimwambia kwamba vitu hivyo vina thamani ya kutosha kumfaa mtu mwingine. Kwa kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni takataka ya mji, hilo lilikuwa somo zito kuliko hesabu.

Mtu anaweza kuuliza: kujitolea gani huko ambako shule inakupangia? Swali ni la haki. Huduma iliyo kwenye ratiba si hiari tupu, na katika Kenya ya wakati huo mpaka kati ya huduma na amri ulikuwa mwembamba. Mwaka 1964, serikali huru ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile tunayoiita NYS, mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Griffin huyo huyo, naye aliiongoza hadi mwaka 1988 huku akiendelea na Starehe. Gwaride la Wamumu halikuwa mbali. Lakini kuna tofauti moja inayotenganisha jembe la mlinzi na jembe la mwenyeji, na tofauti hiyo haipo kwenye ratiba. Ipo katika swali la kama mwenye kulishika anaweza kusimama barazani na kusema hapana.

*

Wakati Starehe ikipanda, mitaa haikumwagika. Ilizidi kujaa.

Ukoloni uliondoka, na watu wakaja mjini kutafuta walichonyimwa. Sheria ya uzururaji haikuondoka nao. Ilibaki vitabuni, ikitumiwa sasa na askari wa serikali huru, hadi ilipofutwa mwaka 1997. Kwa zaidi ya miaka thelathini ya uhuru, Mkenya aliendelea kuwa mhalifu kwa kosa la kukosa pa kwenda.

Katika miaka ya 1970, wavulana waliowaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha katikati ya Nairobi ili wapate senti kadhaa walipewa jina, paking boi. Baadaye likaenea jina jingine, chokoraa, linalotokana na kitendo cha kuchokora, yaani kupekua na kuchimbua, kwa sababu mji uliwaona wakipekua mapipa. Inafaa kulisikia jina hilo vizuri. Tumemwita mtoto kwa jina la njaa yake.

Mwaka 1973, padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya wavulana hao. Jina hilo lina maana yake pia: si hisani, si msaada, ni undugu. Undugu ilianzisha elimu ya msingi ya muda mfupi kwa watoto waliopitwa na shule, ikiambatana na mafunzo ya ufundi. Kuwapo kwake kunaonyesha jambo ambalo wapenzi wa Starehe, mimi nikiwemo, hatupendi kulitaja: kufikia wakati huo, mabanda mawili yalikuwa yameanza kuwa mbali na barabara.

Haikuwa hila ya mtu. Shule ilifanya vizuri, na kufanya vizuri kulileta maombi mengi kuliko nafasi. Palipokuwa na maombi mengi, palihitajika kipimo, na kipimo kikawa umaskini pamoja na alama za mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mtoto maskini aliyefaulu akiwa Turkana au Kwale alipata mlango, na hilo ni jema ambalo hakuna mtu wa kulibeza. Lakini mtoto anayelala nyuma ya soko la Gikomba hana alama, kwa sababu hakuufanya mtihani. Kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya mvulana asiye na chochote kilianza kumtaka awe na kitu kimoja, cheti, na hicho ndicho asichokuwa nacho.

Wasichana walisubiri zaidi. Walikuwapo mitaani tangu mwanzo, wakiwa katika hatari ambazo kaka zao hawakuzijua, lakini kituo cha wasichana cha Starehe kilifunguliwa mwaka 2005, miaka arobaini na sita baada ya mabanda. Griffin alifariki mwaka huo huo, mwezi wa Juni.

Na kuna Patrick Shaw. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa Starehe, na pia afisa wa polisi wa akiba. Mchana alishughulikia uendeshaji wa shule iliyowaokoa wavulana wa mitaani. Usiku alizunguka Nairobi akiwawinda washukiwa wa ujambazi, naye aliogopwa mjini kote kwa sababu ya wale waliouawa. Alifariki mwaka 1988. Wapo waliomwona mlinzi wa mji na wapo waliomwona muuaji mwenye beji. Simtaji ili kuichafua shule. Namtaja kwa sababu katika mtu huyo mmoja unauona mji mzima ulivyokuwa na majibu mawili kwa kijana maskini, na jinsi majibu hayo yalivyoweza kuishi chini ya kofia moja. Aliyeingia langoni kabla ya miaka kumi na tano alipewa kitabu. Aliyechelewa nje, miaka michache baadaye, alikutana na bunduki.

*

Sheria zimebadilika tangu hapo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimtambua mtoto wa mitaani kuwa anayehitaji kutunzwa na kulindwa. Januari 2003 elimu ya msingi ya bure ilirudi, na mwaka huo huo serikali ikaanzisha mfuko wa kurekebisha familia za mitaani na kuwapeleka baadhi ya vijana katika NYS, mkono ule ule wa zamani uliowahi kuongozwa na Griffin. Lakini sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Tazama neno familia. Watoto wa paking boi wamekuwa wazazi hapo hapo mtaani, na wengine ni babu na nyanya.

Hao ndio watu ambao wanafunzi wa shule za upili huwatembelea. Nchi yetu haina uhaba wa vikundi vya kufanya hivyo. Kuna maskauti, Msalaba Mwekundu, vyama vya wanafunzi Wakristo na Waislamu, na tuzo ya Rais iliyoanza mwaka 1966, ambayo huduma ni moja ya sehemu zake. Ziara yenyewe wengi wetu tunaijua kwa moyo. Michango hukusanywa: unga, sukari, sabuni ya mche, nguo zilizotubana. Basi la shule linaegeshwa. Wimbo unaimbwa, sala inasomwa, kiranja anatoa hotuba, mikate inagawanywa kwa foleni. Picha inapigwa. Saa kumi na moja basi linarudi shuleni kabla ya chakula cha jioni.

Siwezi kuibeza ziara hiyo. Mkate unaliwa na njaa inapungua, na kuna watu wazima wengi wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii leo ambao macho yao yalifunguka siku kama hiyo. Zile ni siku mbili za mgeni, na methali inaziagiza. Tatizo ni kwamba hatufiki siku ya tatu. Muhula ujao tunakuja na siku mbili nyingine, pengine kwa watu wengine, na anayepokea anabaki mgeni katika mji aliozaliwa. Tumemgeuza jembe la mkoloni kwa kumnyima jembe kabisa. Mkoloni alisema: huna kazi, huna haki ya kuwapo. Sisi tunasema: kaa hapo, tutakuletea mkate. Katika kauli zote mbili hakuna aliyemuuliza anaweza kufanya nini.

Naye anaweza kufanya mengi. Kijana aliyeishi mtaani miaka minane anajua ni nani mpya ambaye hajala tangu jana, nani anaumwa kifua, askari gani ni wa kuogopwa, maji yanapatikana wapi saa tisa usiku. Mashirika yanayofanya kazi hii vizuri yamekuwa yakiwaajiri waliotoka mtaani kuwa wahudumu wa mtaani, kwa sababu hakuna cheti kinachofundisha hayo. Gikubu, aliyetoka kizuizini, hakuwekwa Starehe kuwa mfano wa kuonyeshwa wageni. Alikuwa mwanzilishi. Nadhani hapo ndipo siri ya mabanda mawili ilipokuwa, na si kwenye gwaride.

Sasa kuna nafasi mpya. Mtaala wa umilisi umeiweka huduma kwa jamii kuwa somo la lazima katika sekondari ya juu. Huduma ambayo Starehe iliifanya kama desturi ya shule moja itafanywa na kila mwanafunzi nchini. Wapo wanaofurahi na wapo wanaonong'ona kwamba itakuwa picha nyingi zaidi na fomu za kujazwa. Inaweza kuwa yote mawili. Likitathminiwa kwa idadi ya mikate, wanafunzi watapeleka mikate. Likitathminiwa kwa muda, kwa kurudi mahali pamoja wiki baada ya wiki, kwa kujua majina, kwa kumsaidia mtu apate cheti cha kuzaliwa au kitambulisho ambacho bila hicho hawezi kupanga chumba wala kufungua laini ya simu, basi vijana wa miaka kumi na sita watajifunza jambo ambalo serikali mbili, ya kikoloni na ya uhuru, zilichelewa kulijifunza.

Na lingepimwa pia kwa upande wa pili: je, kuna kiti katika darasa hilo la huduma kwa kijana wa mtaani mwenyewe, si kama anayetembelewa bali kama anayehudumu? Mwaka 1959 swali hilo lilijibiwa ndio, katika mji uliokuwa bado chini ya Hali ya Hatari, na watu watatu waliokuwa na mabanda mawili. Shule zetu leo zina majengo ya ghorofa, mabasi na maktaba. Wavulana na wasichana wa Gikomba bado wako nje ya lango, na wengi wao wameshakaa siku nyingi zaidi ya mbili.